Jumamosi ya Kusafisha Msitu

Ofisi ya misitu ilitangaza, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, kwamba msitu ni urithi wa vizazi vijavyo, na kwa hiyo wananchi wote wajitokeze Jumamosi kuusafisha. Ofisi ilikusudia chupa za plastiki. Lakini mkulima akisema anakwenda kusafisha shamba, haendi kuokota chupa. Anatafuta panga.

Mama Kitalu alilisikia tangazo akiwa amechuchumaa nyuma ya jiko, akijaza udongo kwenye viriba, vifuko vya kuoteshea miche. Alikuwa ameanza kuwashawishi majirani wapande mivule mipakani mwa mashamba, ili atakayetaka mbao kesho asiingie msituni. Mbegu zote alizitoa kwa mti mmoja ukingoni mwa msitu, mvule jike. Maana mvule, kama mpapai, una jike na dume.

Alikwenda ofisini kuuliza. Karani alimhakikishia kwamba tangazo liliandikwa kwa Kiswahili fasaha.

Akaenda kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyeitwa Kelele kwa sababu ya msumeno wake wa petroli. Alimkuta barazani akinoa meno ya mnyororo kwa tupa.

“Shemeji, Jumamosi mnasafisha nini?”

“Msitu. Hukusikia serikali?”

“Walimaanisha takataka.”

“Basi wangesema takataka. Pale pakiwa peupe, tunalima mahindi miaka miwili bila mbolea. Magogo mbao, matawi mkaa.”

“Na mwaka wa tatu?”

“Wa tatu tutasafisha mbele kidogo.”

“Na mti wangu?”

“Ule wa mbegu? Nitaufunga kamba, asiuguse hata inzi. Nikiugusa, usinipakulie chakula kwako mpaka nizeeke.”

Hiyo ilikuwa adhabu kubwa kwa kapera, kwa hiyo alimwamini. Habari za dume hakuzigusia. Dume lilikuwa ndani zaidi, na hakudhani kuna mtu angefika huko kwa siku moja.

Jumamosi wananchi walijitokeza kupita matarajio ya ofisi. Jioni Mama Kitalu alikuta mvule wake umesimama peke yake juani, na kamba kiunoni, umezungukwa na visiki.

“Umeona?” Kelele alisema. “Hata tawi.”

Mama Kitalu alikuwa akitazama gogo lililolala mbali nyuma ya Kelele, palipokuwa ndani ya msitu asubuhi.

“Na ule je?”

“Huo? Tangu nizaliwe sijauona ukizaa. Mti wa bure kabisa.”

“Huyo ndiye mume wake, shemeji.”

Kelele alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Aliuweka msumeno chini.

“Si atapata mwingine?”

“Nionyeshe alipo.”

Kelele aligeuka akatazama upande wa msitu, ambao sasa ulianzia mbali kidogo.

Chakula aliendelea kupakuliwa, ahadi aliitimiza. Mvule ule upo mpaka leo, na kila mwaka unachanua kwa wakati wake, ila hauzai. Kitaluni kuna miche ya mikaratusi.