Karibu Kuliko Urefu wa Panga

Jumamosi ile tulikuwa tukiponda mawe ya dhahabu nyuma ya nyumba yetu Masara, mimi na wifi yangu Sabina. Alikuwa askari jela hadi alipostaafu akarudi kuishi na mama yake, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kutembea. Mume wangu alikuwa Kisegi kwa kazi ya samaki. Ng'ambo ya mto watu walikuwa wameanza kuchomeana nyumba kwa sababu ya mpaka wa mashamba, lakini kwetu kulikuwa bado kimya.

Sabina aliweka nyundo chini, akaniletea mwiko.

"Nipige kama una panga."

Nikainua mkono. Kabla sijaushusha, bega lake lilikuwa chini ya kwapa langu.

"Panga linaua mtu aliye katikati," alisema. "Kaa mbali kabisa, ama ingia karibu kabisa. Usiangalie panga, angalia bega lake."

"Na nikishamwangusha?"

"Unatoka. Hatupigani ndio tushinde, Mama Achieng'. Tunapigana ndio tupate njia."

Tulirudia mpaka mikono ikauma. Mama mkwe alikuwa amekaa kibarazani, anatucheka.

Walivuka mto wakaja kwetu Jumanne, saa nne asubuhi. Nilisikia mabati ya jirani yakigongwa, kisha nikaona moshi. Nilimfunga Achieng' mgongoni. Alikuwa na mwaka mmoja. Mama mkwe alikuwa ndani kitandani. Tulikuwa tumepanga kumbeba kwa blanketi mpaka shamba la mahindi.

Hatukuwahi.

Mwanaume mmoja mwenye panga alisimama kati yangu na nyumba. Nilimjua. Mwaka uliotangulia tulikuwa tukiponda mawe pamoja.

Bega lake lilipanda.

Niliingia. Paji langu la uso liligonga mdomo wake, kiwiko kikampata kooni. Mkono wake ulinishukia begani, mkono tu, si chuma, karibu na kichwa cha mtoto.

Alianguka.

"Toka sasa," Sabina alisema kando yangu. Hakupaza sauti.

"Na mama?"

"Toka na mtoto."

Nilikimbia. Nilipofika kwenye mahindi niligeuka mara moja. Wengine wawili walikuwa wakija kutoka barabarani, bado mbali. Sabina naye alikuwa na njia. Aliangalia mahindi, akaangalia nyumba, akaingia ndani na kufunga mlango.

Lori la askari lilifika alasiri. Mlango wetu ulikuwa mwembamba, wa kupitisha mtu mmoja kwa wakati, na Sabina alikuwa amewazuia hapo mmoja mmoja kwa muda mrefu. Walimkuta ameketi ameuegemea kwa ndani, amekufa. Mama alikuwa chini ya kitanda, hana hata mkwaruzo.

Achieng' sasa yuko sekondari Homa Bay. Mimi huwafundisha akina mama wa kanisa letu yale niliyofundishwa. Wakiniuliza kama Sabina alikosea, huwaambia sijui. Kwa kanuni zake mwenyewe, alikosea. Lakini mama mkwe aliishi miaka mitano zaidi. Nilimpikia, nikamwogesha, na hakunilaumu hata siku moja kwa kukimbia.

Kuhusu siku ile alizungumza mara moja tu, nikimsugua mgongo. Hakugeuka kuniangalia.

"Nilimwambia aende," alisema. "Nilimwambia mara tatu."

Nikaongeza maji ya moto kwenye beseni, nikaendelea kumsugua.