Filamu ya Hamdani Ilipofika Kigoma

Nimewahi kumwona mtu mzima akiikana filamu anayoipenda kuliko zote duniani, huku inacheza mbele ya macho yake.

Msicheke kwanza. Nilikuwepo. Ukumbi ulikuwa wetu.

Mjukuu ndiye anayechapa kwenye simu, mimi Leonida nasema tu. Akikosea herufi mlaumuni yeye.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, Kigoma mjini. Mume wangu Bonifasi alikodi ukumbi karibu na stesheni, akafunga mashine ya sinema, akaziba madirisha kwa mablanketi. Jumapili alasiri tunaonyesha. Filamu zinakuja kwa treni, za Kihindi, za Kizungu. Lugha haelewi mtu, lakini kulia tunalia wote.

Shida yetu ilikuwa moja. Inaitwa Hamdani.

Hamdani alikuwa fundi cherehani wa Ujiji, mtu wa mbwembwe, suruali imenyooshwa pasi mpaka inataka kukukata. Kabla ya Uhuru alipanda meli na mkewe Siwema wakaenda Usumbura, Bujumbura ya leo, huko wakaona filamu ya Kihindi, *Pete ya Jangwani*.

Filamu moja tu! Jamaa akarudi profesa.

Tukionyesha vita, anasimama. "Hii nayo vita? Kwenye *Pete ya Jangwani* binti aliruka mto na farasi, mtoto mgongoni!"

Tukionyesha mapenzi: "Hawa wanapendana au wanasubiri treni?"

Tukionyesha msiba, watu wanajipangusa machozi, yeye anacheka. "Mngemwona mama kipofu aliyemtambua mwanawe kwa harufu ya shati! Ule ndio msiba."

Siwema akifungua mdomo tu, anamkata. "Nyamaza, mama Asumani. Ninyi wanawake mnaangalia nguo."

Siwema anaendelea kumenya karanga zake.

Mngedhani tulimpuuza yakaisha. Wapi! Watu walimwamini. Filamu ikianza wiki mpya, Ujiji nzima mpaka Buzebazeba swali ni hilo hilo: "Hamdani kasemaje?"

Kasema mbovu.

Basi. Tunayaonyesha filamu mabenchi matupu.

Habari za mabenchi zikafika kwa wakubwa. Katibu wa tawi letu la chama, Herman, mtu wa kuja kutoka mkoa mwingine, akatutembelea na kaunda suti yake.

"Ndugu Bonifasi, ukumbi hauna watu. Tunautaka uwe ghala la duka la ushirika. Magunia ya mahindi angalau hayatoki katikati ya filamu."

Bonifasi akaacha kula. Mume wangu alikuwa hajui kulima, hajui kuvua. Alijua mashine ile tu.

Nikamwambia, "Iagize hiyo *Pete* yake. Aione, tupumzike."

Ilitafutwa sana mpaka ikapatikana. Siku iliposhuka stesheni, nadhani hata Kagunga kule mpakani walijua kabla Bonifasi hajafika nyumbani na mkebe wake. Jumapili ile watu walikuja na mitumbwi. Wengine walisimama, wengine walikaliana mapajani. Hamdani kavaa kanzu mpya, kakaa mbele kabisa kama bwana harusi.

Taa zikazimwa.

Jamani, ilikuwa filamu ya kawaida tu.

Binti yupo. Farasi yupo. Farasi akafika mtoni, akanywa maji, akageuka akarudi alikotoka.

Watu wakaanza kuguna.

Mama naye akatokea. Amekaa kivulini, anatunga uzi kwenye sindano. Mara moja tu, uzi umepita!

Hamdani akaruka kama kakalia siafu. "Zima! Umetuletea bandia! Hii haifikii *Pete ya Jangwani* hata robo!"

"Ndiyo yenyewe, kaka," Bonifasi akajibu, jasho linamtiririka. "Jina si umeliona?"

"Wameikata! Mama kipofu yuko wapi?"

Watu wakaanza kugonga mabenchi, wanataka viingilio vyao. Herman kaegemea mlango anatabasamu, tayari anaona magunia yake.

Ndipo Siwema aliposimama.

"Baba Asumani, kaa chini. Mama kipofu nilimtia mimi."

Hamdani akamgeukia mkewe.

"Unasemaje wewe?"

"Meli ilikuchafua tumbo, siku ile ulilala tangu mwanzo. Nilikuamsha watu wanatoka. Njiani ukaniuliza ilikuwaje, nikakuhadithia. Ya kwenye filamu yakaniishia kabla hatujafika, nikatia ya kwangu."

"Muongo! Na farasi?"

"Wangu."

"Na shati?"

"Langu. Ulikuwa unalia vizuri, nikaona nisikukatishe."

Kicheko kilicholipuka pale, nadhani hata samaki ziwani walizama. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Basi mama Asumani, tuhadithie ya kwako!"

Bonifasi akazima sauti, akaacha picha ziende. Siwema akasogea kando ya kitambaa cha sinema, akaanza. Farasi wa kwenye picha anakunywa maji, wa Siwema anaruka. Alipofika kwenye shati, hata Herman alitoa leso yake.

Nikamwangalia Hamdani. Analia, na midomo inatangulia maneno ya mkewe.

Toka siku hiyo Siwema akawa anahadithia kila filamu, na malipo yake anapokea mwenyewe. Ghala likatafutiwa mahali pengine. Herman akaleta filamu ya serikali ya kilimo cha pamoja, akambembeleza Siwema aihadithie. Siwema akatia bibi mgonjwa katikati ya shamba la pamba. Watu walilia sana. Kulima, hakuna aliyekwenda.

Na Hamdani? Mji mzima ukamwita "mume wa Siwema". Akaenda kushtaki kwa shehe.

Shehe akamuuliza, "Kwani uongo?"

Funzo langu ni dogo. Ukikutana na mjuaji anayepima kila kitu kwa kile alichokiona zamani, usibishane naye. Msalimie kwa adabu, kisha mgeukie mkewe umuulize, "Shemeji, siku hiyo huyu alikuwa macho?"