Miguu Minene ya Mkaza Mjomba

Bendeji mpya hunuka pamba kavu na mpira kidogo. Juzi, katika duka la dawa mjini Moroni, nilifungua pakiti moja kuikagua, na harufu ile ikanirudisha barazani kwetu Mutsamudu, bendeji za Koko zikikauka kwenye kamba, zimelegea kama matumbo ya mbuzi yaliyooshwa.

Koko ndiye bibi yangu, mama wa mama. Mishipa ya mguu wake wa kushoto ilichoka kurudisha damu juu. Mguu ulivimba, ngozi ikawa ya kahawia, na karibu na kifundo kikafunguka kidonda kisichotaka kupona. Tulivuka bahari kumpeleka Moroni, mji mkuu ulioko kisiwa cha Ngazidja, tukafikia mtaa wa Magoudjou kwa mjomba wangu, au niseme kwa mkewe, maana Ngazidja nyumba ni ya mwanamke. Mkaza mjomba huyo, Mwanaesha, alikuwa mzaliwa wa Ntsoudjini, Ngazidja hukohuko. Koko hakumzoea. Alisema wali wake una nazi ya kuzamisha mtu. Hata hivyo ni Mwanaesha aliyempeleka kwa muuguzi kila asubuhi, akasimama karibu kutazama mguu unavyofungwa. Tulirudi kwetu na bendeji zetu, na kidonda kikaanza kupungua.

Kisha kisiwa chetu kikatangaza kujitenga na serikali ya Moroni. Sisi watoto tuliijua siasa kwa vitu vilivyokosekana: mafuta ya taa, unga, halafu vyombo vyenyewe kutoka Moroni. Bendeji zikafuliwa mpaka zikaisha mvuto. Mama akamwita Bweni Sitti, jirani aliyewafunga matumbo wanawake wote wa mtaa walipojifungua. Alikuja na kitambaa kigumu, akaufunga mguu kama alivyojua kufunga tumbo: fundo kali juu, chini ya goti, na huku chini akalegeza ili mguu upumue.

“Uvimbe ni kama mchwa,” alieleza. “Unapanda. Lazima uuzibie njia.”

Maelezo hayo yalituingia akilini sote. Lakini unyayo ulifura kama mkate uliotiwa hamira, vidole vikawa vyeusi, na kidonda kikatoa maji mpaka mkeka ukanuka. Koko akaanza kusali ameketi. Alimwambia Mama kwamba mguu ukikatwa, wauzike kando ya babu, ukamwekee nafasi. Mama hakucheka. Msafiri mmoja aliyebahatika kuvuka alipewa habari aifikishe Magoudjou.

Alasiri moja akaingia mwanamke aliyejifunika shiromani, vazi la wanawake wa kisiwa chetu, akitembea kama bata. Alikuwa Mwanaesha, na miguu yake ilikuwa minene kuliko ya Koko. Niliuliza kwa sauti kama ugonjwa huu unaambukiza.

“Fungeni mlango kwanza,” alisema, “salamu baadaye.”

Akaketi, akapandisha nguo, akaanza kujifungua bendeji. Zilitoka tabaka juu ya tabaka, mpya kabisa, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka ikabaki miguu miwili myembamba yenye mistari myekundu. Bandarini mizigo ilipekuliwa, na dawa haikuwa na hakika ya kufika. Miguu ya mwanamke haikupekuliwa. Mjomba hakuweza kuja: mwanamume mwenye nguvu zake, akitoka upande ule, angeulizwa maswali mengi.

Alilikata fundo la gotini, akamlaza Koko, akauinua mguu juu ya mito mpaka uvimbe ukapungua. Ndipo akaanza kufunga, tangu kwenye vidole, akapitisha kisiginoni, akakaza kifundoni, na kila alipopanda akapunguza nguvu. Koko akamweleza habari ya mchwa.

“Mchwa hakuna, Koko. Ni maji yanayoshuka. Sisi tunayasukuma yarudi juu.”

Bweni Sitti, aliyekuwa ameketi pembeni, alisema basi yeye mguu ameufanya tumbo, akacheka mwenyewe, akaomba aonyeshwe tena. Koko alimtazama sana mkwewe.

“Na nazi umeleta?” akauliza.

Mwanaesha alikaa nasi mpaka kidonda kilipofunga kabisa. Nje ya nyumba hakusema neno. Dukani alionyesha kwa kidole, salamu aliziitikia kwa kichwa, na Mama alinituma nifuatane naye kila mahali niwe msemaji wake. Watoto wa mtaani walimwita Bubu. Mimi niliona ni maringo ya watu wa Moroni, ila cheo changu cha usemaji kilinipendeza.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kuishi Moroni. Siku ya kwanza nilipoagiza mkate, vichwa vyote dukani viligeuka kwa lafudhi yangu. Hakuna aliyenidhuru, mambo yalikuwa yametulia. Lakini nilisimama pale na mkate mkononi nikamwelewa Mwanaesha. Siku zile, kwetu, Mngazidja alitazamwa kama adui, na neno lake moja tu sokoni lingemtambulisha. Alivuka akilijua hilo, kwa ajili ya mkwe aliyeusema vibaya wali wake, naye hakujua atarudi lini.

Koko alizikwa na miguu yake yote miwili.

Bendeji niliyonunua juzi ni ya Mwanaesha, kwani sasa mishipa yake nayo imechoka. Asubuhi, kabla hajashuka kitandani, nakwenda Magoudjou kumfunga, nikianzia vidoleni. Yeye ananikosoa na kupiga soga, kwa Kingazidja, kwa sauti ya juu, dirisha likiwa wazi.