Boti ya Mwongeli Iliyokalia Mkia

Watu wa pwani wakisikia kwamba kuna nahodha Mkamba, tena mwanamke, tena wa huku Kitui Kusini ambako mtu hudamka kutafuta maji ya kunawa uso, hucheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke tu. Waje Novemba wauone mto Athi ukishuka mwekundu, umebeba miti mizima na mizoga ya ng'ombe, halafu watuambie kama watauvuka kwa kicheko. Ng'ambo ni Makueni. Huko ndiko kuna barabara ya Mtito Andei, soko la mbuzi na ndengu, na hospitali. Mvua ikishika, wa kutufikisha huko ni Mwongeli peke yake.

Kabla ya boti tulivuka kwa tyubu za lori. Unakalia tyubu, vijana wanaogelea wakikusukuma, na wewe unamwomba Mungu mamba awe ameshiba. Nzioka, mumewe Mwongeli, alikuwa mmoja wa wasukumaji hao, na mwaka mmoja mto ukamchukua. Makanisa ya pande zote mbili yakafanya harambee, ikanunuliwa boti ya faiba yenye injini ya kufungwa nyuma. Wazee wakauliza ni nani ataiendesha. Wanaume wakaanza kutazama viatu vyao, na Mwongeli akasimama. Alikwenda akafunzwa, akarudi, na tangu hapo hajampotezea mtu hata kuku.

Aliyekataa kuipanda ni mmoja tu, mama mkwe wake, Kavindu. Wanaishi boma moja na kula chungu kimoja, lakini Mwongeli akitoka kwenda mtoni, mama huyo hugeuza uso akajifanya anapepeta mtama. "Huo mto ulikula mtoto wangu," alimwambia siku ya kwanza. "Sasa wewe unaupelekea chakula ingine." Mwongeli akajifunga leso akashuka mtoni. Utamjibu nini mama aliyezika nguo tu kwa sababu mwili haukupatikana?

Basi mwaka jana mvua ya Novemba ikaanza, boti ikateremshwa majini baada ya kukaa nchi kavu miezi mingi, nayo ikakalia mkia. Watu wa pwani wana jina lao la upande wa nyuma wa chombo, sisi tunasema mkia na tunaelewana. Mdomo wa mbele uliinuka juu, na huku nyuma, penye injini, maji yalikuwa yamekaribia ukingo kabisa. Mwongeli aliona lakini akadhani ni mwendo tu, itakaa sawa ikishika kasi. Wapi! Kabla ya kufika katikati, wimbi likaruka ukingo wa nyuma likawamwagikia waliokaa benchi la mwisho. Mama mmoja alimnyanyua mtoto wake juu ya kichwa akapiga yowe. Mwongeli aligeuza boti taratibu, akawashusha wote palepale walipopandia.

"Leo hakuna kuvuka," akasema.

Kamati ya kivuko ikaja na akili zake. Mwenyekiti, mzee Kaveke, ni mtu mzuri, ila akianza kutoa amri hata kuku hunyamaza. Akaamuru magunia ya mchanga yawekwe mbele ili mkia uinuke. Kweli uliinuka kidogo, lakini boti nzima ikazama chini zaidi, na sasa maji yakawa yanachungulia kutoka pande zote. Magunia yakashushwa. Akaitwa Gedion, fundi wa injini wa Mtito Andei ambaye mafuriko yalikuwa yamemkwamisha upande wetu, kijana mchapakazi asiye na maringo. Alirekebisha namna injini ilivyoinama, akasogeza tangi la petroli na betri kutoka nyuma hadi mbele. Ikasaidia. Mkia ukapanda upana wa kiganja hivi, halafu ukagoma hapo.

"Mama, injini ni nzima," Gedion akasema akijifuta mikono. "Kuna kitu ingine inavuta hii boti chini, na sijaiona. Siwezi kukudanganya."

Kaveke akaitisha mkutano. Wavuvi wa bwawa kule mto Tana walikuwa wameitaka boti ile siku nyingi, akasema, na bora iuzwe kabla haijaua mtu. Watu wakaguna. Ndipo Kavindu akasimama nyuma ya wanawake wenzake. Huwa hasemi mikutanoni.

"Uzeni," akasema. "Uzeni leo."

Neno hilo lilimchoma Mwongeli kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo. Aliangalia mtoni akaona vijana wameshaanza kujaza tyubu upepo, wanacheka, wanashindana kupuliza, kama Nzioka alivyokuwa akifanya. Boti ikienda, hawa ndio wataingia majini. Akapiga moyo konde, akaomba apewe mpaka siku ya soko. Kaveke akamkubalia, ingawa kwa uso wa mtu anayemkubalia mgonjwa soda.

Wakaivuta boti nchi kavu, Gedion akafungua injini akaiweka kando. Wanaume wakainyanyua mbele, ikapanda kama kikapu. Wakaenda nyuma, wakainama, wakavuta, mmoja akaachia ushuzi, wakacheka, na boti haikuondoka. Mwongeli peke yake ndiye hakucheka. Injini iko chini pale kwenye nyasi, sasa huku nyuma kuna uzito gani?

Huku kwetu kila nyumba yenye tangi la maji, mtu hupita akaligonga kwa vifundo vya vidole. Likilia, hapo ni hewa. Lisipolia, hapo ndipo maji yalipofika. Ni tabia, hata mgeni akija kwako atagonga tangi lako kabla hujamwambia karibu. Mwongeli aliingia ndani ya boti akapiga magoti, akaanza kugonga sakafu kutoka mbele. Ikalia. Akasogea, ikalia. Alipofika benchi la mwisho, sakafu ikanyamaza kabisa.

"Maji," akasema. "Gedion, chini ya hii sakafu kuna maji."

"Chini hapo ni sponji tu, mama. Ndiyo inafanya boti ielee." Kisha naye akagonga. Akamtazama. "Aiya. Kwani iliingiaje?"

Mwongeli akakaa chini palepale, maana alijua yaliingiaje. Mwezi wa tano, boti ikiwa imeegemezwa kwenye matairi nje ya boma lake, ilinyesha mvua moja kubwa katika msimu uliokuwa umekauka. Asubuhi boti ilikuwa imejaa, nayo ina kitundu nyuma cha kumwagia maji, na maji yale mazuri yalikuwa yakivujia mchangani. Mtu wa huku aache maji yamwagike? Hata malaika akimwamuru atakataa. Mwongeli alikimbilia lami, akakiziba kile kitundu akakikandika kabisa, na kijiji kizima kikamsifu. Mbuzi wakanywea humo wiki nyingi. Wakati huo wote maji yalikuwa yakipenya kwenye matundu ya misumari ya sakafu, yakinywewa na sponji. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwongeli aliziba ufa, na ukuta ukamngoja vilevile.

Angeweza kunyamaza na kuilaumu faiba. Nani angejua? Lakini alifunga leso yake akaenda moja kwa moja kwa Kaveke, akamkuta na wanakamati wengine, akasema, "Ni mimi niliharibu boti. Ni yale maji ya mbuzi." Akaeleza yote bila kupunguza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Kaveke akakuna kidevu. "Hata mbuzi wangu walikunywa hapo," akasema. "Na ni mimi nilikupa hiyo lami."

Hakuna aliyetaja kuuza tena siku ile. Gedion akaikata sakafu ya nyuma kwa grainda, na sponji ikatolewa vipande vipande, kila kipande kizito kama mtoto aliyelala, kikinuka kinyesi cha mbuzi. Wakawaza watajaza nini mahali pake. Wanawake wakaleta mitungi mitupu ya mafuta ya kupikia, wakakaza vifuniko na kuviziba kwa gundi, wakaishindilia chini ya sakafu na kuifunga kamba isicheze. Lami ikang'olewa, kitundu kikapewa kizibo cha kufungua. Boti iliporudi majini, ilikaa sawa sawia.

Lakini watu ni watu. Siku ya soko walijaa mbele wote, wakasukumana, na benchi la mwisho likabaki tupu. Mwongeli aliwabembeleza, wakatazama pembeni. Hapo akaona leso ya bluu ikishuka ukingoni polepole. Alikuwa Kavindu, na kiondo mkononi. Watu wakampisha. Aliingia majini mpaka vifundoni, akakataa kushikwa mkono, akapanda, akaenda akaketi benchi la mwisho, karibu kabisa na injini.

"Mwaitu, mama yangu, kaa hapa katikati," Mwongeli akamwambia kwa sauti ndogo.

"Wacha. Kama hapa ni pabaya, nijue mimi kwanza kabla ya mtoto wa mtu."

Mwongeli akavuta kamba ya injini. Boti ikaondoka. Kavindu alishika ukingo kwa mikono miwili, macho ameyafumba, midomo ikisali, na alipoyafumbua walikuwa wamefika Makueni na nguo yake ilikuwa kavu. Alishuka, akakung'uta leso, akamtazama mke wa mwanawe.

"Naenda kuona dada yangu," akasema. "Jioni uje unichukue."