Ndama wa Kuchorwa Aliyejaza Banda

Kaka yangu Muhsin, Mungu amrehemu, alikuwa na banda la video pale Kang'ata, wilayani Handeni. Mabati juu, mabanzi pembeni, mabenchi, na projekta aliyoipangusa vumbi kila asubuhi kama mtu anayempangusa mtoto kamasi. Tangu tumzike nimekuwa nikimkumbuka sana, na ajabu ni kwamba mengi ninayoyakumbuka yananichekesha. Naamini hiyo nayo ni rehema.

Banda lilikuwa la watu wawili. Muhsin alikuwa na projekta, na rafiki yake Semboja alikuwa na king'amuzi. Semboja alitaka mpira kila siku ya Mungu. Muhsin aliomba Jumamosi alasiri tu, iwe ya katuni, kwa ajili ya watoto na yeyote mwenye moyo wa mtoto.

Shida ilianza alipokwenda Korogwe kununua taa ya projekta. Huko alikutana na kijana mmoja, Raymond, ambaye yeye na wenzake walikuwa wametengeneza katuni yao wenyewe, ya Kiswahili, kuhusu binti anayemtafuta ndama wake aliyepotelea mawinguni juu ya milima. Ilikuwa imeonyeshwa kwenye ukumbi mkubwa Dar es Salaam na kuondolewa baada ya wiki moja. Watu walifika pale pale ukumbini, wakaipita, wakaingia chumba cha pili kutazama sehemu ya nne ya katuni ambayo tayari walikuwa wanaijua. Raymond alimpa Muhsin katuni hiyo kwenye flashi, akamwomba amwambie ukweli kama watu watacheka pale alipokusudia wacheke.

Muhsin aliitazama peke yake, akatoka bandani macho mekundu. Akasema haijapata kuonyeshwa katuni nzuri kama hiyo.

Jumamosi ya kwanza walikuja wanangu na mbuzi wa jirani. Ya pili walikuja watoto wengine, wakamtazama yule binti ukutani, wakauliza huyu ni nani, wakaambiwa ni mpya, wakatoka. Mmoja alimwambia Muhsin bila kinyongo kwamba hawezi kumshangilia mtu asiyemfahamu.

Semboja alifurahi kupita kiasi. Akawa anamwita Sheikh wa Katuni mbele ya wateja. Mwishowe akasema kwa utulivu kwamba Jumamosi ya tatu mabenchi yakiwa matupu, siku hiyo itakuwa ya mpira moja kwa moja.

"Watu wanataka wanachokijua, Muhsin," alimwambia.

"Hata hadithi za bibi," Muhsin akajibu, "kuna siku zilisimuliwa mara ya kwanza."

Jumamosi ni siku ya mnada wa ng'ombe. Mnyama akipotea, hutangazwa pale kwa kipaza sauti: rangi yake, alama yake, na mahali pa kufika. Watu wote hunyamaza kusikiliza, kwa sababu wiki ijayo anaweza kuwa wako. Muhsin akaona hapo ndipo penye masikio. Jumamosi hiyo ya tatu asubuhi alikiazima kipaza sauti, akaeleza vizuri kabisa kwamba kuna katuni mpya. Lakini watu wanaingia mnadani wakati wote, naye kila aliporudia alifupisha, mpaka ikabaki hivi: ndama mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji amepotea, anayetaka kujua habari zake afike bandani baada ya swala ya Alasiri.

Tulipotoka kuswali tulikuta umati mlangoni. Mbele alisimama mzee wa Kimaasai, Loishiye, na mkewe Namelok ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwepo ndama mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji.

Ndama huyo alikuwa amejichanganya na kundi lao wakati wa kiangazi, na mzee alikuwa amemtunza akimsubiri mwenyewe; aliposikia tangazo mnadani, alirudi nyumbani kumchukua. Nyuma yake walikuja mashahidi, na nyuma ya mashahidi watu waliotaka kusikia mwenye mali atataja alama gani ya siri. Muhsin, aliyekuwa akiogopa uongo kuliko njaa, alibadilika rangi. Semboja akajificha nyuma ya mlango akicheka.

"Shikamoo, mzee," Muhsin alisema. "Nisamehe. Ndama niliyemtangaza ni wa kuchorwa."

Mzee Loishiye alimtazama ndama wake, kisha akamtazama Muhsin.

"Nimetembea toka asubuhi," alisema. "Basi nionyeshe huyo wa kuchorwa."

Akaketi benchi la mbele. Baada ya yeye kuketi, nani angeondoka? Waliobaki walisimama madirishani.

Mwanzoni mzee alikosoa kila kitu. Mchoraji hajawahi kuchunga, alisema, ndama hanyonyi hivyo, na binti gani anapanda mlima bila fimbo. Namelok akamwambia kwa upole kwamba hata mzee mwenyewe alipomposa hakuwa na fimbo, alikuwa na maneno tu. Banda zima likacheka. Kisha binti akaingia kwenye ukungu akimwita ndama wake kwa jina, na kicheko kikakatika. Niligeuka nikaona wanaume wazima wameinama mbele kama wanaosikiliza dua.

Hapo hapo saa ya mpira ikafika. Semboja akasimama na rimoti.

"Kaa chini," mzee Loishiye akamwambia bila kugeuka. "Ndama hajapatikana."

Semboja akakaa.

Walipotoka jua lilikuwa limezama, nao wakibishana kama ndama angemkumbuka binti baada ya muda wote ule. Ndama wa kweli tulikaa naye mpaka mwenyewe alipojitokeza, mjane wa kijiji cha pili, akataja alama chini ya kwapa. Muhsin alimpigia Raymond, akamweleza walipocheka na walipokataa kucheka.

Jumamosi iliyofuata, kabla Muhsin hajavaa viatu, tulisikia kipaza sauti kutoka mnadani. Ilikuwa sauti ya Semboja, ikirudia bila kufupisha: "Wa kuchorwa, jamani. Narudia, ni ndama wa kuchorwa. Wa kweli waacheni nyumbani."