Chumba Kilichogoma Kuingia

Delbert Krenek aliichukia kutu kuliko alivyomchukia shetani, na habari za shetani alizisikia kanisani kila Jumapili. Ujana wake wote uliishia kwenye mitambo ya mafuta baharini, ananing'inia kwa kamba, brashi ya waya mkononi, anakwangua chuma na kukipaka rangi. Akifika mwisho wa mtambo, kule alikoanzia kutu imeshaota upya. Kazi ya kipumbavu, ukiniuliza mimi. Yeye aliipenda. Alipostaafu na mgongo wake mbovu, yeye na mkewe Verlene wakauza nyumba yao ya Moulton, wakanunua trela refu la kuishi, lile linalokokotwa na pikapu, wakaja kuliegesha kwenye kambi yetu ya matrela, Port Ellery, pwani ya Texas, karibu na maji ya Ghuba.

Ndugu zao waliwacheka. Watu wazima na akili zao, wanauza nyumba ya matofali waishi kwenye magurudumu! Verlene hakuwaacha hivi hivi. "Nyumba yenu ikichoshwa na majirani itafanya nini?" aliwauliza. "Yangu itafunga virago."

Mimi naitwa Twyla Guidry, nilikuwa jirani yao wa ubavuni. Verlene nilimwita dada, kwa hiyo Delbert akawa shemeji, na shemeji ni mtu wa kutaniana naye.

Trela lao, kama matrela yetu sote, lilikuwa na chumba kinachotoka. Unabonyeza kitufe, ubavu mzima unatoka nje kama droo ya kabati, na sebule inapanuka. Ukitaka kusafiri unabonyeza tena, chumba kinarudi ndani. Kingo zake zimezungukwa na mpira wa kuzuia maji, na chini kuna reli za chuma ambazo kinatembea juu yake. Kabla Delbert hajafika, vitu hivyo tulivitunza hovyo hovyo tu. Yeye ndiye aliyetutia adabu. Alipita kambi nzima akichungulia chini ya nyumba za watu bila hata kubisha hodi.

"Shemeji, hapa umepaka nini?" aliniuliza siku ya kwanza, akiwa chali chini ya trela langu.

"Grisi."

"Grisi ya gari? Kwenye mpira? Kesho si utaupaka na siagi."

"Si inateleza?"

"Inateleza, halafu inaula mpira, na mchanga wote wa Texas unakuja kukaa hapo. Lete sabuni. Na wewe unajiita mtu wa pwani."

Sheria zake zilikuwa chache na alizirudia mpaka tukamchoka. Osha chumvi kwa maji baridi, kausha. Ukiona kutu, ikwangue mpaka chuma king'ae, ndipo upake rangi, usipake juu ya uchafu. Mpira usafishe kwa sabuni, upake dawa yake. Na kila mwezi ingiza chumba, kitoe, maana mpira ukikaa mahali pamoja unanata ukutani na kupasuka. Verlene akimsikia akihubiri, alitoa kichwa dirishani na kumwambia awaache watu wale chakula chao. Kisha alituletea kolachi, yale maandazi ya kwao ya plamu, ili tumsamehe mumewe.

Kisha Verlene akaugua. Saratani ya mifupa. Walimzungusha hospitali mpaka akasema basi. Nilikuwepo alipolisema, ameketi kwenye kiti changu chini ya turubai, amekonda shingo imebaki kijiti. "Nimelalia vitanda vya watu vya kutosha," alisema. "Mimi nitafia kwangu." Delbert akamwapia mbele yangu kwamba itakuwa hivyo. Tangu siku ile sikumwona akitaka kitu kingine chochote duniani.

Kitanda cha mgonjwa hakikuwa na pa kukaa ila ndani ya kile chumba kinachotoka. Ukikiingiza chumba, lazima kwanza kitanda kitolewe na mgonjwa abebwe. Mara ya kwanza mwezi ulipotimia walijaribu. Verlene alipiga ukelele nikausikia kwangu, na madirisha yangu yalikuwa yamefungwa. Delbert akamrudisha kitandani, akatoka nje, akasimama ameshika mlango. Hakukigusa tena kile kitufe.

Hata kukwangua aliacha. Kila brashi ilipogusa chuma, mtikisiko ulipanda mpaka kwenye mifupa ya mkewe, naye alikuwa akiuma shuka ili mumewe asimsikie. Kwa hiyo Delbert akawa anakwenda nyuma ya trela, anainama, anaitazama ile kutu inavyoshuka kwenye reli kama mchuzi, anaondoka. Mzee Harlan Pruitt, mwenye mdomo mchafu kuliko wote kambini, alimpitia siku moja akamwambia, "Mganga hajigangi, eh?" Zamani Delbert angemrushia spana. Safari hii alimpita tu, na Harlan akaona haya, akaniambia anajuta.

Verlene mwenyewe hakuwa mjinga. "Delbert, ule mpira," alikuwa akisema.

"Kesho."

"Wewe na kesho yako. Nibebe nilie, yaishe."

"Nimesema kesho, mama."

Akishatoka Delbert, dada alinigeukia. "Mwanamume aliyening'inia juu ya bahari kwenye upepo," alisema, "leo anaogopa kitufe." Alikuwa akicheka, lakini macho yake hayakucheka. Nilimpenda mno mwanamke yule.

Agosti ikaja, na kimbunga nacho. Kaunti ikatoa amri watu wote waondoke. Trela haliwezi kwenda barabarani chumba kikiwa nje, hilo halina mjadala. Mpango wa Delbert ulikuwa huu: dada anywe dawa ya maumivu, aketishwe ndani ya pikapu kwa mito, trela liende nyuma yake mpaka Moulton, malishoni kwa dada wa kuzaliwa wa Verlene. Huko chumba kitatolewa tena na kitanda chake kitarudi ndani. Atakuwa kwake vilevile, uwanja tu ndio utakaobadilika. Kila kitu kilitegemea chumba kukubali kuingia.

Asubuhi Harlan na Delbert walimbeba Verlene nje wakamlaza kwenye kiti changu kirefu. Hakulia, dawa ilikuwa kali. Delbert akabonyeza kitufe. Mota ikalia, ukuta ukatetemeka, chumba hakikusogea hata kidogo. Mpira ulikuwa umegandamana na ukuta. Akauzunguka kwa kisu na maji ya sabuni, akiuchana, vipande vyeusi vikimdondokea usoni. Akabonyeza tena. Upande mmoja ukaingia kiasi cha kiganja, kisha reli ya upande wa pili, iliyoliwa na kutu ndani kwa ndani, ikakatika. Chumba kikakaa upogo, si nje si ndani, na kwenye kona mtu aliweza kuona anga.

Gari la wagonjwa la kaunti likafika kuwachukua wasiojiweza. Mwanamke aliyekuja nalo alikuwa mpole. Aliinama akamwambia, "Mzee, lazima tuondoke. Barabara inajaa."

"Nipeni saa moja," sauti ya Delbert ilitoka chini ya trela. "Nina jeki na minyororo."

"Sina saa moja, baba yangu."

Verlene alinishika mkono. Sauti yake ilikuwa pumzi tu. "Mwambie aache," alisema. "Aje."

Nikapiga magoti matopeni. "Shemeji, dada anasema uache. Anasema uje."

"Nikiacha atarudi wapi?"

"Toka huko upande gari!"

"Nenda naye wewe, Twyla. Mwambie nawafuata na nyumba." Nilimwita mpumbavu, na majina mengine nisiyoweza kuyaandika. Naye alikuwa ameshaanza kuzungusha jeki.

Basi nikaenda mimi. Magari yalikuwa yamejaa barabara nzima, watu na mbwa wao na maboksi yao ya barafu, tunasogea, tunasimama. Simu hazikushika. Verlene aliuliza Delbert yuko wapi, nikamwambia. Baadaye akauliza tena. Alikufa tumesimama, nyuma ya lori la majani makavu, mkono wake ndani ya mikono yangu, hata mji wa Victoria hatujaupita. Mifupa yake sasa haikuwa ikimuuma.

Na kimbunga? Kiligeuka jioni ile kikaenda kwa wengine. Port Ellery ilipata mvua ya kulowesha tu. Niliposikia nilitaka kumpiga mtu, ila sikujua nani.

Kesho yake mchana binamu yangu alinifikisha Moulton. Delbert alikuwa amefika. Alikivuta chumba kwa minyororo kikaingia, akalikokota trela mpaka malishoni, akakisukuma chumba tena nje kwa jeki, akaziba kona kwa turubai na gundi. Kitanda kimetandikwa shuka safi, pembe zimekunjwa vizuri. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa matambaa yaliyolowa damu. Aliniona nashuka, akatazama nyuma yangu kwenye gari.

"Wanamleta?"

Nikatikisa kichwa. Ilimchukua muda kuelewa, kisha akaketi kwenye ngazi ya trela, polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Aliniulizia?"

"Alikuulizia."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia unakuja na nyumba."

"Naye akasema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini sikuwa na nguvu za kutunga kitu. "Alisema nyumba uiache. Alikuwa anakutaka wewe."

Delbert akaniinulia uso. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, shemeji," nilisema. "Ulikuwa chini huko."