Bega lilichomoka nikiwa juu ya mnazi: nilivyofanyiwa operesheni Tanga, miaka ya hamsini

Wakuu, salaam. Na kwa kuwa wengi humu ni wajukuu zangu, marahaba kabisa, msisumbuke kuniamkia.

Juzi kijana mmoja kauliza jukwaani afanyeje, bega lake linateguka kila mara na daktari kamwambia operesheni. Nimesoma majibu yenu, nikaona bora nifungue uzi. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, si chai. Nilipopasahau nitasema nimepasahau.

Kabla ya Uhuru nilikuwa mkwezi. Nakaa Chumbageni, nakwea minazi ya watu kuanzia Usagara mpaka mashamba ya nje ya mji. Nilikuwa ndio kwanza nimeoa. Mke wangu, Mwanaisha, ndiye aliyeokota nazi chini.

Siku moja baada ya mvua mguu uliteleza, nikaning'inia kwa mkono wa kulia. Begani nikasikia "kwo!"

Mtaani kulikuwa na mzee mkandaji. Akanilaza, akaniwekea kisigino kwapani, akavuta. Likaingia. Wiki mbili za mafuta ya nazi, nikarudi kazini.

Hapo ndipo nilipokosea. Maumivu yaliisha, nikadhani nimepona.

Bega likaanza kutoka lenyewe. Navaa kanzu, linatoka. Najigeuza kitandani, linatoka. Idi moja nilinyoosha mkono kufuata sinia ya pilau, likatoka mbele ya wakwe. Pilau lenyewe sikulionja.

Nikajifunza kulirudisha mwenyewe, na nikawa najisifu. Mwanaisha akaniambia, "Hilo si bega, ni mlango usio na komeo."

Basi asubuhi moja niko juu ya mnazi mrefu, Usagara. Nainua panga nikate nazi, bega likachomoka. Panga likaanguka. Mkono mmoja unaning'inia, kwa mwingine nimeukumbatia mnazi.

"Mwanaisha! Bega!"

Nilitegemea apige yowe. Hakupiga. Akaja mpaka kwenye shina, akatazama juu.

"Usitazame chini, nitatazama mimi. Shusha mguu wa kushoto. Bado. Bado kidogo. Hapo, kanyaga, kidato hicho."

Akanishusha hivyo kwa mdomo tu, kidato kwa kidato, zile ngazi zilizochongwa kwenye shina. Nilipogusa mchanga ndipo yeye akakaa kitako, akalia. Kisha akajifuta uso kwa leso. "Leo hospitali, Bakari. Ukikataa, utafute mwokota nazi mwingine."

Hospitali ya mjini tukamkuta daktari Mzungu, Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Aliyetufasiria ni dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, aitwaye Yohana, Msambaa wa Lushoto, mtu mpole sana. Walilirudisha bega, wakapiga eksirei.

Yohana alitueleza kwa mikono yake. Ngumi ndiyo kichwa cha mfupa, kiganja ndicho kikalio chake. Kikalio cha bega hakina kina, akasema, ni kama kisahani cha kikombe cha kahawa. Kinachozuia mfupa usitoke ni kano na nyama za pembeni, na zangu zimechanika upande wa mbele.

"Njia ni mbili. Ya kwanza, tuufunge mkono, kisha ufanye mazoezi ya kukaza misuli, na kukwea uache. Lakini limeshazoea kutoka, huenda likaendelea. Ya pili, tulipasue kwa mbele, tushone na kukaza palipochanika. Hapo halitatoka kirahisi, ila mkono hautageuka kwenda nje kama zamani."

Mimi hofu yangu ilikuwa moja: nusukaputi. Mtaani walisema ukiivuta ile dawa huenda usiamke. Yohana akamuuliza daktari, akarudi na jibu: "Anasema hatari ipo, si kubwa, ila hawezi kukuapia."

Nilipenda alivyosema kweli.

Mwanaisha akauliza, "Atakwea tena?"

"Anasema hilo hawezi kukuahidi."

Akavuta ncha ya leso. "Na mtoto? Ataweza kumbeba mtoto?"

Yohana akauliza. "Anasema ndiyo, mtoto atambeba. Kwani mna mtoto?"

"Nina miezi mitatu," akasema, hanitazami.

Wakuu, habari ile niliipata hivyo, mbele ya dresa! Nikasema, "Basi wapasue."

Operesheni yenyewe siijui. Niliambiwa nihesabu, sikumbuki nilifika ngapi. Nikaamka natapika, mkono umefungwa kifuani. Nadhani ulikaa hivyo wiki nne au tano. Nililala nimeegemea mito, na Mwanaisha akinilisha matonge, maana mkono wa kulia ndio huo.

Ulipofunguliwa nilishtuka. Umekonda, bega gumu kama ubao. Nikamwambia Yohana, "Mmeniharibu."

"Bado hatujamaliza. Bega haliponi kitandani, linaponea ukutani."

Kweli, kazi ilikuwa ukutani. Vidole vinatembea juu kama kaa, vinarudi. Kila Ijumaa Mwanaisha anaweka alama ya mkaa nilipofika. Kuna wiki alama haikupanda hata unene wa kidole, na nilikuwa mkali kwa mtu asiye na kosa. Nilishamwomba radhi, naomba tena hapa.

Binti yetu alipozaliwa nilimpokea kwa mikono yote miwili.

Kukwea nilijaribu mara moja. Vidato vinne. Bega lilitulia kabisa, moyo ndio uliokataa. Nikashuka, nikaanza kununua nazi na kuzipeleka kwa lori njia ya Horohoro. Mpaka leo kurusha jiwe siwezi, lakini bega halijatoka tena.

Kijana uliyeuliza, mimi si daktari, na siku hizi nasikia wanapasua kwa vitundu vidogo tu. Ila usimuulize daktari "nitapona?" ukaishia hapo. Muulize nini kitarudi, nini hakitarudi, na mazoezi ni ya miezi mingapi. Na usiende peke yako. Nenda na mtu anayeishi na wewe. Mimi niliuliza kama nitakufa, Mwanaisha ndiye aliyeuliza nitaishije.

Waliopasuliwa bega, na waliokataa pia, semeni yenu hapa chini. Nasoma taratibu, lakini nasoma yote.